Jina la Ukingoni: Siku Saba na Nishani ya Askari wa Keya

Siku ya kwanza, Jumatatu. Mombasa

Nilikwenda kwa sonara kuungisha kipuli cha mke wangu, nikarudi nyumbani na askari mfukoni.

Sonara mwenyewe ni wa Mji wa Kale. Tumejuana tangu nilipoanza kukusanya sarafu kuukuu, na ugonjwa wangu anaujua. Kabla sijakaa vizuri alishavuta mtoto wa meza, akamimina juu ya kitambaa vikorokoro vya fedha vinavyongoja kuyeyushwa: pete zilizopinda, nusu ya bangili, rupia mbili za Mjerumani, na katikati yake kitu cha duara kilichonifanya nitafute miwani.

Ilikuwa nishani ya Uingereza ya vita vya 1914 hadi 1918. Upande mmoja kichwa cha Mfalme George wa Tano. Upande wa pili mwanamume aliye uchi juu ya farasi, na farasi anakanyaga ngao na fuvu la kichwa. Za fedha zilitolewa zaidi ya milioni sita, kwa hiyo mkusanyaji hawezi kuringa nazo. Ila nyingi zimekwisha. Mwaka 1980, bei ya fedha ilipopaa, ziliingia chunguni kwa magunia.

"Nakupimia tu kwa mizani," akasema sonara.

"Ngoja kwanza, fundi."

Nikaigeuza ubavu. Siri ya nishani hii iko ukingoni, maana huko ndiko walikopiga chapa nambari ya askari, cheo, jina na kikosi. Ingekuwa nyota ya vita vya pili, zile walizopewa vijana wetu waliokwenda Burma, ningeshukuru nikaenda zangu. Hizo hazina jina hata la dawa, na mwenyewe akishafariki, nyota inabaki yatima. Hawa wa vita vya kwanza waliandikwa.

Ukingo ulikuwa umejaa uchafu na mafuta ya ngozi. Nikaomba poda ya mtoto, nikaipaka kwa kidole, nikapuliza. Herufi zikabaki nyeupe, moja moja. Nambari. PTE, yaani private, askari wa kawaida. Jina. BIN. Jina la pili. Na mwishoni: 3-K.A.R. Batalioni ya tatu ya King's African Rifles, ambao wazee wetu waliwaita Keya. (Msomaji mwenye nishani nyumbani, tafadhali weka mbali dawa ya kung'arishia shaba. Inakula herufi. Nimeona nishani tatu zinazong'aa kama kioo na hazijui ni za nani.)

Jina lenyewe silitaji hapa, wala nambari. Atakayekuja kusema nishani ni ya kwao, jina atanitajia yeye. Mimi nitamwita Bwana Ukingo.

Nilikuwa nimeshapagawa na jina hilo, lakini sonara ana macho ya kazi yake. Akanionyesha kwamba kile chuma cha kupitishia utepe kimekatwa, na mahali pake pamechomewa kipete kidogo, kazi ya fundi wa mtaani. Kisha akanipa nipapase nyuso mbili. Farasi bado ana misuli. Mfalme hana pua wala ndevu, amelika hadi akawa kama kokwa la embe.

"Hii imevaliwa shingoni na mwanamke," akasema. "Mfalme alikuwa upande wa kifua. Na si mwaka mmoja wala miwili."

Nikamuuliza aliipata wapi. Kwa jamaa mmoja wa Taveta anayemletea mabaki ya fedha mara mojamoja. Jina lake? "Hana jina, ana simu." Simu ilikuwa imezimwa. Nikalipa.

Siku ya pili, Jumanne. Mombasa bado

Leo nimekaa mezani na kompyuta na mke wangu.

Jumba la nyaraka la Uingereza, huko Kew, lina kadi za nishani za vita vile, mamilioni, na faharasa yake inapekuliwa kwa intaneti. Kadi moja inakupa jina, cheo, nambari, kikosi na mahali pa kuitafuta orodha kubwa. Nikaandika jina la Bwana Ukingo kama lilivyo kwenye chapa. Hakuna. Nikabadilisha herufi moja. Hakuna. Nikatumia tahajia saba, na ya saba ikaniletea koplo wa Uskoti.

Hapo ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa nasoma kwa macho, na jina lile liliandikwa kwa sikio. Hebu fikiria foleni ya kuandikishwa jeshini. Karani ni Mwingereza au Mgoa. Aliye mbele yake anasema jina lake mara moja, labda kwa woga, na karani anaandika alichosikia kwa herufi za shule aliyosoma yeye. Mwinyi anageuka Munye. Mfaume anapoteza M yake pale pale mezani. Nikamwomba mke wangu, aliyefundisha Kiingereza miaka ishirini na sita, anisomee jina kama angelisoma Mwingereza wa zamani. Akalisoma mara tano kwa lafudhi tano, nami nikafumba macho. Jina la kwanza likajitokeza, ni la Pwani na halina taabu. La pili, herufi sita, halikuwa Kiswahili, si Kigiriama, si Kidigo, si Kitaita wala Kikamba.

Ile BIN nayo isikudanganye. Makarani waliipachika kati ya majina mawili yoyote, kama misumari. Mtu aliweza kutoka bara kabisa, asiyejua msikiti wala kanisa, akaamka asubuhi jeshini akiwa bin fulani. Na Keya walikuwa mchanganyiko: Wasudani, Wanyamwezi, Wayao, Wanandi, Wakamba. Mwaka 1917 Waingereza waliunda upya batalioni ya sita, na humo wakaingizwa askari waliokuwa wa Mjerumani wakatekwa. Kwa hiyo hata upande wa vita haukuambii mtu ametoka wapi.

Jioni nikapekua orodha ya waliokufa, ile ya tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita. Hayumo. Nikafurahi: basi alirudi salama! Mke wangu akaniuliza nina uhakika gani. Nikakumbuka ripoti ya tume hiyo yenyewe, ya 2021, ilipokiri kwamba watu wasiopungua 116,000, pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Kutokuwemo orodhani si ushahidi wa kuishi. Nikazima kompyuta.

Siku ya tatu, Jumatano. Kwenye treni

Treni ya asubuhi, ile inayosimama vituoni, hadi Nairobi. Jirani yangu alilala kutoka Mariakani mpaka Mtito Andei, kichwa begani kwangu. Simu ya jamaa wa Taveta bado haipatikani. Nimefikia kwa mpwa wangu, na sina la kuandika zaidi ya kwamba mjini kuna baridi.

Siku ya nne, Alhamisi. Nairobi

Jumba la Nyaraka la Taifa liko Moi Avenue, jengo lililokuwa benki zamani, karibu na sanamu ya Tom Mboya. Watu wengi huishia chini kutazama mikusanyo ya Joseph Murumbi. Anayetafuta wafu hupanda juu, akajaza fomu, akalipa ada ndogo, akaandika nambari za majalada kwenye karatasi, akangoja. Kungoja ndiyo kazi yenyewe.

Nilikuja nikitafuta askari wa Keya, nikaletewa wapagazi. Majalada niliyoomba ya mkoa wa Pwani yamejaa wao: wito wa kuandikisha watu, malalamiko ya machifu kwamba vijana wamekwisha, barua za baada ya vita kuhusu mishahara ya waliokufa ambayo hakuna aliyekuja kuichukua. Nilitaka kuyapitia haraka, nimkute mtu wangu. Sikuweza. Jeshi lile lilipita penye mbung'o ambapo farasi na punda walikufa, kwa hiyo mzigo ukawekwa kichwani mwa mtu. Na wengi wa watu hao hawakupewa jina ukingoni mwa kitu chochote.

Katika orodha moja nilikuta kitu kilichonifanya niache kalamu. Mtu mmoja ameandikwa mara tatu katika kurasa tatu, kijiji kilekile, chifu yuleyule, na jina limekuja kwa sura tatu. Ukurasa wa kwanza linaanza na N. Wa pili na M. Wa tatu karani mwingine ameona taabu, akaweka G peke yake. Ikiwa mjane wake alikwenda bomani kudai, je, alidai jina lipi? Alisema jina alilomjua mumewe, karani akapitisha kidole kwenye orodha, akatikisa kichwa.

Nikanakili sura zote tatu daftarini, bila kujua kwamba ndizo zitakazonifaa. Bwana Ukingo mwenyewe hakuonekana popote. Saa za kusoma zikaisha.

Nilikula Kariokor, nyama choma na ugali. Wenyewe wanajua jina la soko limetoka wapi, ni Carrier Corps iliyopita katika midomo yetu, kama Kariakoo ya Dar es Salaam. Nafikiri huo ndio ukumbusho wa wapagazi ulio hai kuliko wote, na hakuna aliyeupanga.

Uliopangwa uko Kenyatta Avenue. Watu watatu wa shaba, na maneno yaliyotungwa na Rudyard Kipling, kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi, kisha yanaahidi kwamba ukipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Nikauzunguka mara mbili nikitafuta jina hata moja. Mlinzi wa duka la jirani akaniuliza nimepoteza nini.

Siku ya tano, Ijumaa. Nairobi hadi Voi

Simu imepatikana! Jamaa anauza nguo na vyombo vya mitumba katika soko la Taveta, na vitu vya fedha hununua akivikuta. "Njoo Jumamosi, mzee, siku ya soko. Siku nyingine mimi niko barabarani." Nikakata tiketi ya kurudi nyuma hadi Voi. Mpwa wangu ananiangalia kama mtu aliyerogwa.

Siku ya sita, Jumamosi. Taveta

Matatu ya alfajiri kutoka Voi, kupitia Mwatate, Bura, Maktau. Barabara hii ni lami tupu siku hizi, lakini mwaka 1915 Waingereza walikuwa wanaisukuma reli kuelekea hukohuko, kwa sababu Mjerumani alikuwa ameishika Taveta tangu Agosti 1914. Kushoto na kulia ni nyika, maji hakuna. Dereva alinionyesha kilima cha Salaita bila kuulizwa. Kumbe wageni wengi humuuliza. Kidogo tu hicho, kama mgongo wa kobe. Tarehe 12 Februari 1916 Waafrika Kusini walikishambulia mchana kweupe wakarudishwa na hasara, na wengine wako katika makaburi ya jeshi palepale Taveta, mawe yamepangwa, majani yamekatwa.

Mbele zaidi, upande wa mpaka, kuna vilima viwili, Latema na Reata. Huko, usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Machi, ndiko batalioni ya tatu ya Keya ilikopelekwa. Kamanda wao, Luteni Kanali Graham, aliuawa. Sijui kama Bwana Ukingo alikuwapo, ila batalioni yake ilikuwapo. Nilishuka nikiwa nimeishika nishani ndani ya mfuko kama tasbihi.

Soko la Taveta Jumamosi halielezeki. Ndizi kwa malori, vitunguu, mchele kutoka ng'ambo, shilingi za nchi mbili zinabadilishana mikono bila karatasi. Jamaa nikamkuta kati ya marundo ya mashati. Kijana mcheshi, akaitambua nishani mara moja. Aliinunua mwaka juzi kwa mzee mmoja aliyekuwa na haraka ya pesa, mwenyeji wa kijiji kimoja upande wa Ziwa Jipe. Nyumba anaijua. "Lakini yule mzee amekufa."

Wakati tunasema hayo, mama mmoja muuza mchele, Mtanzania, alikuwa ameegemea meza anasikiliza bila kujificha. Nikamwonyesha daftari langu, jina la pili tu, herufi sita. Akalitazama. Akalisema kimoyomoyo, midomo ikicheza.

"Karani wenu ameila ng'," akasema.

"Vipi, dada?"

"Hili ni la kwetu, Tabora. Linaanza na ng'w. Kama vile ng'wana. Mzungu angeliandikaje?"

Akalitamka. Nilisimama pale kati ya mashati nikahisi nywele za mkono zimesimama. Siku tano nimelitazama jina lile, nimelipeleka Kew na Nairobi, na mara ya kwanza kulisikia ni kwa mtu anayepima mchele kwa kopo. Zile sura tatu za mpagazi katika jalada, N, M na G, ndivyo zilivyokuwa: makarani watatu wamekwama katika sauti ileile.

Nikanunua kilo kumi za mchele. Ningefanya nini kingine?

Siku ya saba, Jumapili. Upande wa Jipe

Bodaboda mbili, moja yangu na moja ya jamaa wa mitumba, aliyekataa kulipwa lakini akakubali mchele. Boma lina nyumba ya matofali, migomba, mbuzi. Bibi wa nyumba yuko kwenye mkeka, macho yana ukungu, masikio mazima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umetoka mbali, nasikia pumzi."

Sikuanza na nishani. Nilijifunza kwa miaka mingi ya sarafu kwamba ukitanguliza kitu, watu wanakipangia hadithi. Nikauliza tu kama katika ukoo wao kulikuwa na mzee wa Keya. Alikuwapo: babu yake, baba wa mama yake. Alikuja na jeshi wakati wa Mjerumani, vita vilipokwisha akarudi kuoa hapa, akasilimu, akalima. Bibi akataja jina lake.

Silo. Halikukaribia hata herufi moja. Ni jina la Kiislamu la kawaida, Mombasa wanaitwa hivyo watu elfu. Nilihisi aibu kidogo, kwa mafuta ya pikipiki, kwa mchele, kwa kumwamsha bibi wa watu.

"Jina lake la kwao je, kabla hajasilimu?"

"Hakulisema. Wakubwa zamani hawakuulizwa mambo."

Kijana mmoja wa nyumbani, mjukuu, alikuwa anamenya muwa mlangoni. Nikamwomba maji, akauliza kama nitakunywa hapa au kivulini, kwa... na akautaja mwembe. Mwembe una jina. Kwao ni jambo dogo, miembe yote ya zamani ina majina. Lakini jina alilolitaja lilikuwa na ng'w mwanzoni.

Nikamwomba arudie. Akarudia, akishangaa. Nikamuuliza bibi, huyo ambaye mwembe umepewa jina lake ni nani. "Aa, ni jina tu la mti. Babu aliupanda akauita hivyo. Tulipokuwa watoto tukilitamka vibaya alikuwa anatukaripia, anatufundisha kwa pua: ng', ng'." Akacheka. "Tulidhani ni mwembe wa aina hiyo."

Ndipo nilipoitoa. Nikaiweka kiganjani mwake bila neno. Hakuipeleka machoni. Aliigeuza kwa dole gumba, akapapasa farasi, akapapasa mfalme asiye na pua, akabaki kwa mfalme muda mrefu. Kisha akakipata kile kipete.

"Kaka yangu aliniambia imepotea," akasema.

Hakuna aliyejibu. Jamaa wa mitumba alitazama viatu vyake.

"Hii ya mama. Alikuwa haivui, hata kisimani. Tulikuwa tunaiita rupia ya babu." Akainusa. Halafu akanigeuzia uso, mkali kidogo, kama mtu aliyerudishiwa sufuria bila kifuniko.

"Na shanga zake ziko wapi?"